Mahari Nimepata

Frednand wa Ntobeye alikuwa na wivu uliopita kiasi. Wanaume wengine hupandwa na wivu mke akichekewa njiani na mtu asiyejulikana. Yeye aliona wivu hata mke akipewa mkono na katekista mlangoni mwa kanisa, na siku hiyo alikaa kimya mpaka ndizi zikapoa mezani. Mengine yote Mungu alimjalia. Alikuwa na migomba iliyoshiba, kahawa isiyo na magugu, watoto watatu wenye adabu, na mke, Claudia, ambaye kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kumpa sababu hata moja. Lakini mwenye wivu hahitaji kupewa sababu. Akiikosa huitunga.

Safari hii hakuitunga peke yake, alisaidiwa. Mwezi wa nane walikwenda kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa dada yake Claudia, huko Nyamahanga wilayani Biharamulo, alikozaliwa Claudia. Miongoni mwa wageni alikuwepo Wiston, tabibu wa meno wa kituo cha afya cha upande ule. Huyu Wiston alisoma darasa moja na Claudia, na zamani, kabla Frednand hajajulikana na mtu yeyote Nyamahanga, aliwahi kumwandikia barua. Barua moja tu, na haikujibiwa. Claudia mwenyewe ndiye aliyemsimulia Frednand habari hiyo wakati wa uchumba, huku akicheka, akidhani anamfurahisha. Alikosea. Mwanamume wa namna ile hasimuliwi habari za barua, hata kama iliandikwa na mtoto wa darasa la saba.

Wakiwa njiani kurudi, Claudia akasema, akitazama mashamba, bila nia yoyote, kwamba Wiston hajazeeka, meno yake ni yale yale, meupe pee. Hayo tu. Kisha akahamia kwenye habari za mvua na mbegu za maharage, akasahau kabisa kwamba alisema neno.

Frednand hakusahau. Kuanzia siku ile hakuona kitu kingine duniani ila meno. Alijitazama kwenye kioo, akaona yake yana rangi ya chai ya maziwa. Akasaga mkaa, akachanganya na chumvi, akakamulia ndimu. Akaenda mjini Ngara dukani kwa Zulfa, ambaye ukoo wake ulitoka pwani na biashara tangu enzi za babu, akachagua mswaki mgumu kuliko yote ya dukani hapo. Zulfa akamwuliza kama ni wa meno au wa viatu. Frednand hakucheka. Asubuhi na jioni alijificha nyuma ya migomba akasugua kama anayesugua sufuria lililoungua, na kila alipotema alimwona Wiston, akasugua tena.

Meno yakaanza kung'aa kidogo. Claudia hakusema kitu. Hilo lilimuudhi, kwa hiyo akaongeza ndimu.

Yalimgeuka asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja. Alirudi kutoka shambani, akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati, akanywa kama alivyokunywa kila siku ya maisha yake. Funda la kwanza likamchoma. Haya hayakuwa maumivu ya jino bovu, yale ya polepole tunayoyajua wote. Ilikuwa sindano iliyopita kwenye ufizi, ikapanda mpaka chini ya jicho, kisha ikazimika ghafla kama haikuwahi kuwepo. Akajaribu tena, maana binadamu ni mbishi. Ikampiga tena, safari hii upande wa pili. Alisimama uani na kikombe mkononi, machozi yakimlengalenga, akiyatazama yale maji kama mtu aliyetukanwa na rafiki.

Tangu hapo kila chenye baridi kikawa adui yake. Maji, soda, tango, hata hewa. Huko kwetu milimani hewa ya asubuhi ina makali yake, na Frednand akifumbua mdomo kusalimia ilimpiga ndani kwa ndani. Akaanza kuitikia salamu kwa kichwa. Watu wakasema Frednand siku hizi anaringa.

Dawa ilikuwepo na aliijua: aende hospitali, aeleze anasugulia nini na kwa nini. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo alipokwama. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na Frednand aliijua vizuri methali hiyo. Akaificha pamoja na maradhi.

Claudia naye alikuwa na macho. Alimwona akinywa maji ya uvuguvugu, alimwona akitafunia upande mmoja, na alipofua shati lake akakuta karafuu mfukoni. Alipomwuliza, aliambiwa karafuu ni za mafua. Wiki ya pili akachoka kuzungushwa. Akamwambia waziwazi kwamba meno yake yanaingia ganzi, kila mtu anaona, na kuna mtu mwenye mkono mwepesi aliyemtibu hata baba yake mzazi.

"Nani huyo?" Frednand akauliza, ingawa alijua.

"Si ni Wiston!"

"Bora yang'oke yote," akasema, akatoka nje.

Hebu na wewe fikiri. Akae kitini kwa yule mtu, afumbue mdomo mpaka mwisho, naye ainame achungulie kila pembe, na yale meno yake meupe yamekaa hapo juu kama yanakucheka. Frednand aliona afadhali avuliwe nguo katikati ya soko.

Claudia hakubishana. Mume mwenye akili zilizotulia angeshtuka hapo hapo, kwa sababu Claudia si mwanamke wa kuliacha neno lianguke chini. Kilichofuata ni simu. Alianza kwenda kuzungumzia simu nyuma ya jiko. Mume akitokea, mazungumzo yaligeuka yakawa ya kuku. Kuku wagonjwa, kuku waliotaga, kuku wa mama fulani. Frednand akajiambia hakuna kuku duniani wanaozungumzwa kwa sauti ya chini namna ile.

Jumatano Claudia alikwenda kuchota maji, akaisahau simu kwenye kigoda. Frednand alijiambia kwamba mke ni wake, na simu ni ya mke, kwa hiyo haibi. Akaifungua. Ujumbe wa juu kabisa ulikuwa wa Claudia kwenda kwa Wiston.

"Mahari nimepata. Baba amekubari. Njoo jumamosi hapo kwetu."

Chini yake kulikuwa na jibu la Wiston: "Vizuri sana shem. Nitakuja na vyote. Yeye asijue kwanza atakataa."

Na Claudia tena: "Simwambii. Utamwona hapo hapo."

Aliusoma mara tatu. Mara ya kwanza akakaa kwenye kile kigoda. Mara ya pili akaelewa yote kwa mpango: Wiston anamtaka Claudia, mahari ipo, baba mkwe, mzee Bigirimana, amekubali, na Jumamosi mtu anakuja kukabidhi. Kwamba Wiston ana mke, mwalimu huko Mwanza, hilo halikumpa shida hata kidogo, kwani mke wa mbali ni kama hayupo. Mara ya tatu ndiyo iliyomuua. "Nimepata", alisema. Yaani mwanamke amehangaika mwenyewe kutafuta mahari ya kuolewa na mwingine! Hamu ya namna gani hiyo? Yeye, Frednand, wakati wake alihangaika peke yake, akatembeza ng'ombe kutoka Ntobeye hadi Nyamahanga na mvua ikimnyeshea, na Claudia hakumsaidia hata kwa kamba.

Akairudisha simu pale pale, uso wake chini. Kisha akaenda kuwatazama watoto waliokuwa wakimenya mihogo, akamtazama mkubwa, Irakoze, aliyefanana na mama yake paji la uso. Nimseme vibaya kwa mengine, lakini hili ni lazima nilitoe: alimpenda yule mwanamke. Alimpenda vibaya, kwa hofu, kama mtu aliyeshika yai akalibana lisianguke.

Jioni Claudia alitandika meza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Ijumaa anatangulia kwao, na kwamba baba anamwita Jumamosi, afike mapema, asikose.

"Nitakuja," Frednand akasema.

"Usije ukakosa, Baba Irakoze."

"Nimesema nitakuja."

Akamwona ameshusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hilo nalo akaliweka mahali pake moyoni, pamoja na kuku.

Ijumaa Claudia alipoondoka, Frednand alichukua katani akasokota kamba. Ng'ombe aliowatoa zamani walikuwa wamezaa na kuzaa, lakini haki ni haki, na mtu haendi kudai ng'ombe mikono mitupu. Watoto akawapeleka kwa dada yake Francisca. Dada akauliza safari gani ya kamba. Akajibu kwa kichwa.

Jumamosi alfajiri alipanda bodaboda hadi barabara ya lami. Upepo ulikuwa mkali, na kila alipotaka kusema peke yake yale aliyopanga kuyasema kwa wakwe, hewa iliingia ikampiga kwenye meno. Basi akafunga mdomo. Alisafiri kutoka Ntobeye hadi Nyamahanga, bodaboda, gari, na bodaboda tena, amemeza hasira nzima bila kutema hata punje, na hasira isiyotemwa huchacha.

Kwa mzee Bigirimana kulikuwa kumefagiliwa. Mbele ya nyumba kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha pana, ambacho zamani mzee alikifanya kiduka. Kilikuwa kimepigwa deki, ndani yake meza ikafunikwa kitambaa cheupe, na kiti kimoja kimeelekezwa kwenye mwanga. Kitambaa cheupe! Pembeni, Wiston, shati limepigwa pasi, akipangua vitu kutoka kwenye kisanduku cha chuma. Claudia alikuwa anampokelea. Vidole vyao havikugusana, Frednand aliangalia vizuri, lakini vilikaribiana.

"Shikamoo Baba," Frednand akamwambia mzee aliyekuwa amekaa uwanjani.

"Marahaba, mkwe. Kalibu, kalibu sana. Leo umekumbuka nyumba yetu."

Wiston alitoka akamwita kaka, akacheka. Meno yakamulika uwanja mzima. Claudia naye alikuja amekausha mikono kwenye kanga, na uso wake ulikuwa na furaha yenye wasiwasi, furaha ya mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Halafu akaiona kamba. Akatazama kamba, akamtazama mumewe, lakini mzee alikuwa tayari ameita kibuyu.

Katika nyumba ile, kama ilivyo kwa wazee wengi wa upande wetu, hakuna jambo linaloguswa kabla ya mrija. Mwenyeji hunywa kwanza kuonyesha kwamba pombe ni salama, kisha humgeuzia mgeni. Mgeni akinywa, nyumba ina amani. Akikataa, ana neno. Mzee Bigirimana alivuta funda lake la rubisi, pombe yetu ya ndizi, akafuta ncha ya mrija kwa kiganja, akamgeuzia mkwe wake. Kibuyu kilikuwa kimetolewa chumba cha ndani, kwenye mtungi uliofukiwa nusu kwenye mchanga wenye majimaji, na kwa nje kilikuwa na unyevu. Frednand aliweka mkono, akausikia ubaridi. Ulimi wake ukakimbilia kwenye meno wenyewe, kuyakinga. Mpaka leo ukimwuliza ni nini kilimzuia, meno au hasira, hawezi kukujibu.

"Sinywi," akasema.

Mzee alikishusha kibuyu taratibu, akakiegemeza mguuni.

"Umekataa mrija wangu," akasema. "Basi una neno. Riseme."

Frednand akasimama, kamba mkononi, kiganja kingine kikiziba mdomo kwa ajili ya upepo, hivyo maneno mazito kuliko yote ya maisha yake yakatoka kama ya mtu aliyefungiwa gunia.

"Nimekuja kuomba ng'ombe wangu, Baba. Mahari nyingine imeshapatikana, na mwenyewe yupo hapa, amekuja na vyote. Mchukueni binti yenu. Mimi nimeshiba."

Kwa watu wetu, mume akidai ng'ombe mbele ya baba mkwe, amemaliza. Hakuna karatasi ya mahakama inayolizidi neno hilo. Wiston alikuwa ameshika kioo kidogo chenye mpini mrefu. Akakiweka chini kana kwamba kimekuwa moto. Claudia ndiye aliyekuja mbele, hatua tatu, akasimama mbele ya mumewe.

"Mahari gani?"

"Usiniulize mimi. Umeandika mwenyewe." Akausema ujumbe kwa kumbukumbu, neno kwa neno, maana alikuwa amelala nao siku tatu. Mahari nimepata. Baba amekubari. Njoo jumamosi.

Claudia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, kama anayemfundisha mtoto:

"Mahari. Mahari pa kukutibu wewe."

Sasa hapa inabidi nieleze, ingawa wa huku hawahitaji kuelezwa. Kwetu R na L ni mapacha, mama yao mwenyewe huwavalisha nguo zikabadilishana. Walimu walituchapa kwa ajili yao, tukalia, tukarudi nyumbani tukaendelea kusema tulivyozaliwa. Frednand mwenyewe tangu darasa la kwanza anaandika "chakura" na "kurara". Siku nyingine yoyote angeusoma ujumbe ule akaelewa bila kusimama. Wivu ndio uliomsomea. Na kilichomwangusha ni kile kijineno "pa". Mahari ya mwanamke haina "pa". Chumba chenye dirisha kina "pa". Kiti kilichoelekezwa kwenye mwanga kina "pa". Aligeuka akakitazama kile kiti, akaelewa kilikuwa kinamngoja nani, na kamba ikamdondoka.

Wiston ndiye aliyeeleza yaliyobaki, kwa sauti ya kikazi, akitazama chini. Shemeji alimpigia akamwambia mume wake anateseka na baridi, na hataki kuja kituoni mbele za watu. Kwa hiyo wakakubaliana watafute mahali pa faragha penye mwanga, naye atakuja siku yake ya mapumziko na vifaa vyote. Walihofu akiambiwa mapema atakataa. Ndiyo hayo tu, kaka. Kisha, kwa kuwa mtu wa kazi hawezi kuiacha kazi hata nyumba ikiungua, akamwomba akae, akamkagua. Frednand alifumbua mdomo. Hakuwa na nguvu ya kuufunga.

"Unasugulia nini?" Wiston akauliza.

"Mkaa," akasema Frednand. "Na chumvi. Na ndimu."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nane. Tangu kipaimara."

Wiston hakuuliza zaidi, lakini Claudia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisikia. Uso wake ulibadilika mara mbili. Kwanza ukarudi nyuma, ukaipata ile safari ya kurudi Ntobeye na lile neno alilolisema akitazama mashamba. Halafu ukakunjamana, na Frednand, ambaye kwa miaka kumi na mitatu aliuchunguza uso huo kutafuta hatia, kwa mara ya kwanza aliona kitu ambacho yeye ndiye aliyekiweka pale. Wiston alisema kwamba ule ugumu wa juu wa jino umelika, na ufizi umerudi nyuma, ndiyo maana baridi inaingia. Atapaka dawa, atampa ya kusugulia na mswaki laini, maumivu yatapungua. Lakini kilicholika hakirudi. Atakuwa mtu wa kujitunza.

Walipotoka nje mzee Bigirimana alikuwa bado amekaa pale pale na kibuyu mguuni. Frednand alipiga magoti. Akasema alikosea kusoma, akasema wivu, akasema shetani, akasema samahani Baba. Mzee alimwacha amalize.

"Kusoma vibaya si dhambi," akasema. "Lakini neno rako umerisema ukiwa umesimama, baada ya kukataa mrija, na mtu wa nje akisikia. Maji yaliyomwagika hayazoleki."

"Hakuna njia, Baba?"

"Ipo moja. Aliyekataa mrija akirudi akanywa kibuyu kizima, peke yake, bila kuutoa mdomoni, amemeza alichokisema. Akiutoa kabla hakijaisha, amekataa mara ya pili, na ya pili haina dawa." Akakigusa kibuyu kwa fimbo. "Lakini kibuyu hicho sikitoi mimi. Anakitoa mwanamke mwenyewe. Asipotaka, hakuna."

Wote wakamtazama Claudia. Akachukua kile kibuyu mguuni mwa baba yake, akaingia ndani.

Alikaa huko muda mrefu. Mzee alichora chini kwa fimbo. Wiston alipanga na kupangua vyombo vyake. Frednand alibaki magotini akisikiliza nyumba, na hakusikia hatua wala chombo kugongana. Akamwona moyoni Irakoze anauliza mama yuko wapi. Hapo wivu ulimtoka kabisa kwa muda, na nafasi yake ikaingia hofu tupu, isiyo na Wiston ndani yake wala meno ya mtu yeyote. Alikuwa amekuja kuchukua ng'ombe. Sasa angetoa wote alionao, na migomba juu yake, ili tu mlango ule ufunguke.

Claudia akatoka. Kibuyu alikishika kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu, na kibuyu kilikuwa kinachuruzika maji ya mchanga, maana alikuwa amekijaza upya kutoka chini kabisa ya mtungi.

Wiston aliona ule unyevu kabla ya wengine. "Shemeji, ngoja," akasema. "Hiyo baridi hataiweza. Kiweke juani kidogo. Au nimpige ganzi kwanza, ni dakika mbili tu."

"Hapana," akasema Claudia. "Anywe hivyo hivyo. Mimi sikupigwa ganzi aliponiambia yale."

Akamwekea mrija mdomoni.

Frednand akavuta. Baridi ikaingia kwenye meno yote kwa pamoja, ikapita kwenye mataya, ikamfumba macho. Alimeza. Akavuta tena. Machozi yakamtoka yakashuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye kibuyu. Funda la nne, la tano, ganzi haikuja, kila moja lilikuwa jipya kama la kwanza. Lakini mrija ulibaki.

Alipofumbua macho kidogo, aliwaona. Claudia alikuwa amemsogelea Wiston, wamesimama bega kwa bega karibu na lile dirisha, na Claudia alikuwa anamnong'oneza kitu. Wiston akainamisha kichwa apate kusikia. Akajibu, kwa sauti ya chini. Claudia akauliza tena, akamshika kidogo mkono wa shati.

Na ule wivu, ambao Frednand alidhani amekwisha kuumeza, ukapanda wote kwa mara moja, mzima, mbichi, kuliko baridi yenyewe. Wanasema nini? Anauliza kama yataharibika zaidi? Anauliza ni lini atarudi tena? Kwa nini anamshika shati? Neno moja tu lingetosha: mnasema nini. Lakini kulisema kulihitaji mdomo, na mdomo ulikuwa na mrija.

Aliwatazama. Claudia hakugeuka. Wiston alisema tena kitu, naye Claudia akatikisa kichwa, na hakuna aliyemjulisha Frednand ni kuhusu nini.

Akafumba macho, akaendelea kunywa.